Mtoto anaona 6/6 lakini mistari inamchezea: mazoezi ya macho yanasaidia nini hasa kwenye kusoma?

KalamuNyeusi aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya macho na ya kusoma, maana nimepewa majibu mawili yanayogongana.

Mtoto ana miaka 10. Kwenye chati ya ukutani anasoma mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, kwa kila jicho, hana miwani. Akishika kitabu, ukurasa wa kwanza unakwenda vizuri. Kuanzia dakika ya kumi hivi anaruka mistari, anarudia aliokwisha kuusoma, na anaegemeza shavu kwenye kiganja mpaka jicho la kushoto linazibika. Anasema maneno "yanatembea", na mara nyingine yanakuwa mawili mawili. Kichwa kinamuuma juu ya nyusi, jioni kuliko asubuhi, na wakati wa likizo hakimuumi. Kunakili kutoka ubaoni kunamchukua muda mrefu kuliko wenzake.

Mtaalamu mmoja wa optometria (upimaji wa macho na miwani) ameshauri tiba ya mazoezi ya macho kwa wiki 12. Daktari mwingine wa macho kasema mazoezi hayo hayatibu shida ya kusoma, tusipoteze muda. Nani yuko sahihi? Yanafundisha nini hasa? Yapi yanafanyika nyumbani, na watu hukosea wapi?

---

LenziMbili aliandika:

Karibu ndugu KalamuNyeusi. Wote wawili wanaweza kuwa wamekuambia kweli, ila kila mmoja amejibu swali lake. Wa kwanza anasema macho ya mtoto yanaweza kufundishwa kukutana kwa karibu na kubaki hapo, na hilo linawezekana. Wa pili anasema mazoezi ya macho hayatibu ugumu wa kujifunza kusoma, na kweli hayautibu. Ukiyatenganisha hayo mawili, mengi yananyooka.

Tuanze na hiyo 6/6. Inapima jicho moja moja, kwa umbali wa mita 6, herufi chache, sekunde chache. Kitabu kiko sentimita 33. Hapo kila jicho linatakiwa liongeze dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) za kulenga ili herufi zisiingie ukungu, na macho yote mawili yageukie ndani kuelekea pua, kwa mtoto wa umri huo kiasi cha prizimu dayopta 15 hivi, hicho kikiwa kipimo cha kugeuka kwa macho. Kisha yabaki hapo nusu saa, huku yakiruka kutoka neno hadi neno na kutua karibu robo sekunde kila mahali. Yakilegea kidogo tu kwenda nje, kila jicho linaleta picha yake na herufi zinapandana. Huko ndiko "kutembea" anakokusema mtoto. Akiziba jicho moja picha inabaki moja, ndiyo sababu ya shavu kulala kwenye kiganja. Mtoto anayefanya hivyo asiitwe mvivu. Amejitafutia nafuu kwa njia aliyoiweza.

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha upimaji wa miwani umefanywa kwa matone yanayolegeza msuli wa kulenga. Bila matone, mtoto mwenye nguvu nyingi za kulenga huweza kuficha haipermetropia (shida ya kuona karibu) ya dayopta 2 au 3 na bado akasoma 6/6 bila kusita. Naye kichwa humuuma akisoma, vilevile kama huyu wako, lakini dawa yake ni miwani. Mazoezi yatamchosha bure.

Miwani ikishatolewa shaka, kuna namba ninazotaka kuziona. Ya kwanza ni mahali macho yanapoachana. Herufi moja ndogo kwenye ncha ya kijiti inasogezwa taratibu kutoka sentimita 40 kuelekea katikati ya macho. Mtoto aseme inapokuwa mbili, na mpimaji naye atazame jicho litakaloponyoka kwenda nje, kwa sababu kuna watoto ambao ubongo hulizima jicho moja wasione viwili kabisa. Kwa kawaida macho hukaa pamoja mpaka chini ya sentimita 6. Kipimo kirudiwe mara tano mfululizo, maana mwenye udhaifu anaweza kuanza na 7 akaishia 13. Wanaopima mara moja na kuandika "sawa" huwapoteza watoto wa aina hii.

Ya pili ni upande ambao jicho huelekea likifunikwa, mbali na karibu. Mvuto wa kwenda nje ukiwa mkubwa kwa karibu kuliko mbali kwa prizimu dayopta 4 au zaidi, hiyo ni alama nzito. Ya tatu ni akiba, yaani nguvu ya ziada ya kukutanisha macho: prizimu (kioo kinachopinda mwanga) yenye kitako, upande wake mnene, kwa nje inaongezwa hatua kwa hatua mpaka herufi zififie au ziwe mbili. Kanuni ya Sheard inataka akiba iwe angalau mara mbili ya mvuto. Ya nne ni kulenga kwa jicho moja moja. Kiwango cha chini kwa kanuni ya Hofstetter ni 15 kutoa robo ya umri. Kwa miaka 10 ni dayopta 12.5, yaani herufi zibaki wazi mpaka sentimita 8. Halafu ile flipa, kishikio chenye lenzi za +2.00 upande mmoja na −2.00 upande wa pili, kinachogeuzwa huku mtoto akisoma kwa sentimita 40. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 hufanya karibu mizunguko 7 kwa dakika kwa jicho moja, na 5 kwa macho mawili.

Lipo pia dodoso la dalili la CISS: maswali 15, kila moja alama 0 hadi 4. Kwa mtoto, 16 na kuendelea ni nyingi. Lisitumike peke yake, kwa kuwa hata mtoto mwenye shida ya umakini hupata alama za juu.

Omba ripoti yenye namba hizi. Ripoti iliyoandikwa "stadi za kuona ziko chini ya umri" tu haina kitu cha kulinganisha baada ya wiki 12.

---

KalamuNyeusi aliandika:

Nashukuru sana mkuu. Ripoti ninayo. Matone yaliwekwa, ikatoka +0.75 kila jicho, wakasema miwani haihitajiki. Macho yanaachana sentimita 12, mara ya tano 15, yanarudi pamoja 19. Mvuto wa kwenda nje: mbali 1, karibu 9. Akiba ya prizimu kwa karibu: ukungu kwenye 9, mbili kwenye 11. Kulenga sentimita 10 kila jicho. Flipa kwa jicho moja mizunguko 4, anakwama kwenye −2.00, kwa macho mawili mzunguko 1, anakwama pande zote. CISS ni 31. Makengeza ya wazi hana, na kipimo cha kuona kina amefaulu.

---

LenziMbili aliandika:

Picha imekamilika. Kwa mvuto wa 9 alihitaji akiba ya 18, anayo 9. Kulenga kwa sentimita 10 ni dayopta 10, pungufu ya 12.5. Ana udhaifu wa kukutanisha macho pamoja na udhaifu wa kulenga, na hivi viwili hupenda kutembea pamoja.

Hapo kwenye flipa kuna jambo la kutazama. Kwa jicho moja +2.00 haimsumbui, lakini kwa macho mawili anaikwama. Sababu ni kwamba kulenga na kugeukia ndani vimefungwa pamoja: ukilenga, macho hugeuka yenyewe kwa sehemu. Lenzi ya +2.00 inalegeza kulenga, sehemu ile inapotea, na akiba inalazimika kubeba mzigo wote. Yeye akiba hana. Kwa hiyo kukwama kule ni tatizo la kukutanisha, hata kama kifaa kilichotumika ni cha kulenga.

Kwa tatizo hili mahususi mazoezi yana ushahidi mzuri. Jaribio la CITT la Marekani, lililochapishwa mwaka 2008, liliwagawa kwa bahati nasibu watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 katika makundi manne kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi kliniki mara moja kwa wiki dakika 60, pamoja na ya nyumbani, walifanikiwa au kupata nafuu asilimia 73. Waliosogeza penseli nyumbani tu walikuwa asilimia 43. Waliotumia programu ya kompyuta pamoja na penseli nyumbani, 33. Waliopewa mazoezi ya kliniki yasiyo na nguvu, bila wao kujua, 35.

Hiyo 35 usiipite haraka. Mtoto akipewa saa nzima ya mtu anayemjali, dalili zake hupungua hata zoezi likiwa tupu. Ndiyo maana nasisitiza namba za kupima na siyo "anasema anajisikia vizuri". Penseli peke yake, ambayo ndiyo wengi huandikiwa na kurudishwa nyumbani, haikuizidi hiyo 35 kwa tofauti ya uhakika kitakwimu.

---

ShangaTatu aliandika:

Nichangie upande wa mazoezi yenyewe, ndiyo kazi ninayoifanya.

Msuli wa mtoto huyu si dhaifu. Msuli unaolivuta jicho kwenda puani una nguvu nyingi kupita mzigo wake. Kinachofundishwa ni ubongo: kujua macho yako wapi, kuagiza yakutane, na kuyashikilia bila kujikaza. Kwa hiyo zoezi lisilompa mtoto taarifa ya papo kwa papo halifundishi, hata lingefanywa saa mbili. Penseli ina kasoro hiyo. Ubongo ukilizima jicho moja, mtoto anaiona penseli moja safi mpaka puani, wewe unampongeza, na hakuna kilichofanyika.

Ndiyo maana naanza na kamba ya Brock. Chukua kamba nyeupe ya mita 1.5 hivi na shanga tatu kubwa za rangi tofauti zinazoteleza kwa kubana kidogo. Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, kwa kimo cha pua ya mtoto akiwa ameketi. Ncha ya pili aishike kwa vidole chini kidogo ya kikomo cha pua, kamba ikiwa imekazwa. Ikilegea, picha nzima inaharibika. Weka ushanga mmoja sentimita 30, wa pili 60, wa tatu 120.

Mwambie atazame ule wa kati. Anapaswa kuona ushanga mmoja, na kamba mbili zinazopishana juu yake kama herufi X. Ushanga wa karibu na wa mbali vitaonekana viwili viwili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mzazi asishtuke. Akitazama wa karibu, kamba hufanya V inayofunguka kuelekea mlangoni. Akitazama wa mbali, zinaanza mbili karibu na uso na kukutana kule kwenye ushanga.

Sasa soma majibu yake. Akisema kamba zinakutana nyuma ya ushanga, macho yake yamelenga mbali mno, hayajafika. Zikikutana mbele ya ushanga, yamepitiliza. Akiona kamba moja tu, jicho moja limezimwa. Hapo mwambie apepese haraka mara tatu nne, au tikisa kamba kidogo. Ikigoma, mvalishe miwani ya rangi nyekundu na kijani ili kila jicho lipate rangi yake. Mpe muda, asikisie. Muulize "kamba zinapishana wapi?", usimuulize "unaona X?", maana mtoto mwerevu atakujibu ndiyo ili mmalize.

Akishaiona X ya uhakika, vuta ushanga wa karibu kuja puani sentimita 2 kwa wakati. Kila hatua ashikilie mpaka hesabu ya 5, kisha atazame wa mbali mpaka hesabu ya 5, arudi. Duru kumi. Kosa kubwa ni kukimbilia puani. Kazi iko kwenye kuruka kutoka mbali kuja karibu na kurudi bila kuchelewa, kwa sababu ndivyo kusoma na kunakili kunavyodai. Akifika mahali ushanga unakuwa mbili na haurudi kuwa mmoja kwa hesabu ya 10, rudisha nyuma sentimita 3 na malizia hapo. Usimalize zoezi kwenye kushindwa.

Wiki mbili za mwanzo namtaka ahisi macho yakikutana kwa hiari yake, hata bila ushanga. Tunaita kujikutanisha. Mtoto akiweza kufanya X itembee juu ya kamba kama mdudu anayetambaa kuja kwake, kwa kuagiza tu, njia iliyobaki ni nyepesi.

Upande wa kulenga, tumia chati mbili za herufi, safu 10 kwa 10. Kubwa iwe ukutani mita 3, ndogo mkononi. Ziba jicho moja. Asome herufi ya kwanza mbali, ya pili karibu, hivyo hivyo mpaka safu iishe, na sharti asiseme herufi kabla haijawa safi. Kila baada ya siku kadhaa sogeza ndogo karibu kidogo, kutoka sentimita 40 kuelekea 10. Dakika 3 kila jicho. Jicho moja moja kwanza kwa wiki tatu nne, macho mawili baadaye. Ukianza na mawili, udhaifu wa kukutanisha utauficha wa kulenga na hutajua kipi kinamkwamisha. Hili ndilo zoezi linalogusa kunakili ubaoni.

Jumla nyumbani ni dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Fanyeni mapema, kabla ya kazi za shule, asiwe amechoka. Macho yakilowa machozi au kuvuta kidogo ni kawaida na hupoa kwa dakika chache. Mtoto akianza kuona mbali kwa ukungu baada ya zoezi na ukungu usiondoke kwa nusu saa, msuli wa kulenga umejifunga. Punguza kazi ya karibu, ongeza kutazama mbali mwishoni, na mjulishe mtaalamu.

Kliniki ndiko kunakofanyika ambayo nyumbani ni vigumu: picha zenye matabaka zinazotenganishwa kwa miwani maalumu, flipa, prizimu, na kupandisha ugumu kwa wakati wake. Mtaalamu anayempa mtoto zoezi lile lile wiki ya 1 na wiki ya 8, muulize sababu.

---

SilabiKwanza aliandika:

Mimi niko upande wa kufundisha kusoma, na ningependa mzazi asikate tamaa wala asijipe matumaini yasiyo na msingi.

Swali kama mazoezi haya yanaongeza uwezo wa kusoma limepimwa moja kwa moja. Jaribio la CITT-ART, lililochapishwa mwaka 2019, lilichukua watoto 311 wa miaka 9 hadi 14 wenye udhaifu huu huu wa kukutanisha macho, wiki 16 kliniki. Macho yao yaliimarika vizuri kuliko ya waliopewa mazoezi tupu. Alama za ufahamu wa kusoma hazikuwazidi wale wengine. Kabla ya hapo, mwaka 2009, vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na wa macho vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa mazoezi ya macho kutibu disleksia (ugumu wa kuunganisha herufi na sauti) na ugumu wa kujifunza. Tamko hilo halikukataa kutibu udhaifu wa kukutanisha pale unapopimwa na kuonekana.

Maana yake kwa mtoto wako ni hii. Kusoma ni kugeuza herufi kuwa sauti na sauti kuwa maana, na kazi hiyo inafanywa na sehemu ya lugha ya ubongo. Macho huleta herufi tu. Mtoto anayejua kusoma lakini macho yanachoka baada ya dakika kumi, ukiyaponya, atasoma muda mrefu bila maumivu, na muda ule ndio utakaomkuza. Mtoto asiyejua kuunganisha sauti, ukimponya macho, ataona kwa raha maneno asiyoweza kuyasoma.

Kuna njia za kuwatenganisha hata ukiwa nyumbani. Mwandikie maneno ishirini kwa herufi kubwa, kila moja kwenye kadi yake. Kama anakosea hata hapo, mistari haihusiki. Kisha mpe maneno yasiyo na maana: luvipo, nadeki, shomufa, mbigalo. Haya hawezi kuyakariri, lazima aunganishe sauti. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia anaweza kuyapata yote sawasawa lakini kwa kujikokota mno. Kwa hiyo shika saa, usihesabu makosa peke yake. Msomee hadithi kwa sauti na umuulize maswali: akielewa vizuri kwa kusikia kuliko kwa kusoma, lugha yake haina shida. Mwisho, hesabu makosa ya dakika ya kwanza na ya dakika ya kumi na tano kwenye kitabu kile kile. Makosa yakianza mengi na kubaki mengi, tazama sauti. Yakianza machache na kupanda, na yakipungua ukimziba jicho moja kwa dakika tatu, tazama macho. Huko kuziba ni kipimo tu, asizoee kusomea hivyo.

Kwa maelezo yako, huyu anasoma vizuri mwanzoni. Lakini jaribu kadi hata hivyo, kwa sababu matatizo mawili yanaweza kukaa kwenye kichwa kimoja, na lile la macho likionekana wazi, la sauti husahaulika. Likiwepo, mafundisho ya sauti na silabi yaanze sasa, sambamba na mazoezi. Kusubiri wiki 12 ziishe kwanza ni kumpotezea muda.

Wakati anaendelea na tiba, mpunguzie mzigo darasani. Kitabu kikae umbali wa kutoka kiwiko hadi ngumi yake mwenyewe. Akisoma kwa sentimita 25 analenga dayopta 4, kwa sentimita 40 ni 2.5, tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye akiba ndogo. Nafasi kati ya mistari iongezwe, kipande cha karatasi au rula kiwekwe chini ya mstari, na kila dakika kumi atazame mbali dirishani kidogo. Maelezo marefu ya ubaoni apewe yakiwa yameandikwa tayari. Mwalimu aelezwe kwamba kutumia kidole si utoto.

---

KalamuNyeusi aliandika:

Mmenifungua sana, asanteni. Mawili ya mwisho. Nimeambiwa kuna miwani ya rangi, na miwani ya prizimu ambayo ingemwondolea mazoezi yote. Pia, nitajuaje kama tiba imekwama?

---

LenziMbili aliandika:

Miwani ya rangi haina ushahidi wa kutibu shida ya kusoma, na lile tamko la 2009 linaigusa pia. Miwani ya kusomea yenye prizimu ya kitako ndani ilijaribiwa kwa watoto wenye udhaifu huu mwaka 2005, ikalinganishwa na miwani ya kawaida isiyo na prizimu. Haikuwa bora. Kwa mtoto ningeanza na mazoezi.

Kwa kukwama: pima upya wiki ya 4 na ya 8, vipimo vile vile, mpimaji yule yule ikiwezekana. Kufikia wiki ya 4 dalili zinaweza kuwa bado ziko palepale, lakini namba ziwe zimeanza kusogea, mfano macho kuachana kwenye 9 badala ya 12. Namba zisiposogea kabisa, mambo matatu hukaguliwa kwa mpangilio huu: je, mazoezi ya nyumbani yanafanyika kweli siku tano? Je, jicho moja linazimwa wakati wa zoezi? Je, utambuzi ulikuwa sahihi? Mtoto ambaye macho yake yana mvuto wa kuingia ndani, akipewa mazoezi ya kuyaingiza zaidi, huzidi kuumia.

Na kuna hali ambazo haziruhusu mazoezi, zinataka daktari upesi: kuona viwili kulikoanza ghafla, au kunakotokea hata akitazama mbali, kope kudondoka, mboni moja kubwa kuliko nyingine, jicho lisilofika upande mmoja, maumivu ya kichwa yanayomwamsha asubuhi na kutapika, mboni yenye weupe kwenye picha. Baada ya kugonga kichwa pia, apimwe kwanza na daktari, kwa sababu mtikisiko wa ubongo huweza kuleta udhaifu huu huu wa kukutanisha.

Jicho vivu, lile lisiloona vizuri hata kwa miwani, ni habari nyingine. Hilo hutibiwa kwa miwani kwanza, kisha kuziba lile jicho linaloona vizuri kwa saa alizopanga daktari. Kuziba kiholela kunaweza kulidhuru jicho hilo lenye afya.

---

ShangaTatu aliandika:

Niongeze la kumaliza tiba, maana wengi huacha siku kichwa kinapoacha kuuma, na dalili huweza kurudi. Mimi huacha pale macho yanapokaa pamoja mpaka chini ya sentimita 6 kwa mara tano mfululizo, akiba inapozidi mara mbili ya mvuto, flipa inapofika 5 kwa macho mawili, na CISS inaposhuka chini ya 16. Yote manne. Baada ya hapo kamba ibaki kwenye droo: dakika 5, mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, kisha mara moja kwa wiki. Apimwe tena baada ya miezi sita. Na shule zikifungua baada ya likizo ndefu, mrudishie kamba ya kila siku kwa wiki ya kwanza, kwa sababu mzigo wa kusoma humrudia wote kwa mkupuo.